Imezimika Tena

Simu ililia saa ya kula, Kurasa ndiyo kwanza amefungua bakuli lake la wali, na kabla hajaitazama alishajua ni nani na atasema nini.

"Imezimika tena," alisema dada yake.

"Pole, dada."

"Pole zako zimejaa kabati zima, sina tena pa kuziweka. Niwashie mashine yangu."

Akakata. Kurasa akafunika bakuli, akavuta kibodi, akaanza kuiamsha seva ya hospitali kutoka ofisini kwao, ng'ambo ya pili ya mji. Mashine ile ilichukua muda wa kuchemsha birika la chai mpaka ikae sawa. Kwako wewe na mimi tuliokaa, muda huo si kitu. Lakini kwenye wodi ya watoto njiti, ambako dada mtu alikuwa nesi msimamizi, muda wote huo skrini ya meza ya manesi, inayoonyesha pumzi za kila mtoto, ilikuwa nyeusi tii, na manesi walikimbia kitanda kwa kitanda wakiinamia vifua vidogo kuona kama vinapanda na kushuka.

Jina la Kurasa alipewa kazini. Kazi yake ilikuwa ndani kabisa ya kompyuta, kwenye kiini cha mfumo endeshi, pale panapoamuliwa programu ipi ipate nini na wakati gani. Kumbukumbu ya mashine hugawanywa vipande vidogo vinavyolingana, na kila kipande huitwa ukurasa. Basi mwanamke huyu alizungumza habari za kurasa asubuhi, mchana na jioni, mpaka kwenye kikao cha harusi ya mhasibu akasikika akimweleza mama mkwe wa watu jinsi ukurasa unavyoharibika. Wenzake wakamaliza kazi hapo hapo, wakambatiza, naye akaitika.

Sasa seva ya hospitali ilikuwa na kurasa mbovu. Vibao vyake vya kumbukumbu vilikuwa vimezeeka, na kila baada ya siku kadhaa kipande kimoja kilishindwa kushika kilichoandikwa juu yake. Ukiweka saba unakuta mia na kitu. Vibao vipya viliagizwa. Vilikuwa njiani. Ukiuliza leo viko njiani, ukiuliza mwezi ujao viko njiani, sijui hiyo njia inazungukia wapi. Na kiini cha zamani kilijua dawa moja tu: kikigundua ukurasa mmoja umeoza, kinazima mashine nzima, inawaka upya, na ukurasa ule unawekewa alama usiguswe tena. Ni kufunga nyumba nzima kwa sababu ya kikombe chenye ufa. Dawa kali, ila angalau kila mtu alijua imetumika.

Mkuu wa kitengo chao cha kompyuta alikuwa amechoshwa nayo. Wafanyakazi walimwita Bwana Sitaki, kwa kuwa sentensi zake zote zilianzia hapo.

"Sitaki kusikia ile mashine imezimika tena," alisema siku hiyo, amesimama mlangoni hata salamu hakuna. "Sitaki. Mkurugenzi wa hospitali amenipigia mimi. Mimi! Niko kwa kinyozi, nusu kichwa!"

"Tusubiri vibao vipya, mkuu."

"Sitaki kusubiri. Wewe si ndiye Kurasa? Haya, malizana na kurasa zako."

Jioni alimkuta dada yake sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, sare bado mwilini. Waliishi pamoja, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule, jozi moja ya ndala za mlangoni wakigombania. Dada mtu alikuwa mkubwa kwa miaka mingi kiasi kwamba ndiye aliyemsuka mdogo wake tangu chekechea, na mpaka leo akimkasirikia alimwita kwa kidole tu.

"Bosi leo kanikimbiza," alisema, macho ameyafumba.

Bosi alikuwa mtoto wa kitanda cha dirishani. Alizaliwa kabla ya wakati, mwepesi kuliko mkate, na manesi walimpa cheo hicho kwa sababu kila alichotaka watu walikimbia. Tabu yake ilikuwa moja: alisahau kupumua. Amelala vizuri, yuko sawa, halafu kifua kinatulia tu, amesahau. Hapo kengele ya mezani inalia, nesi anakwenda, anamgonga unyayo kwa kidole, na Bosi anashtuka, anakunja uso kwa hasira, anaendelea na maisha yake. Kengele, kidole, hasira, basi. Vifaa vya kitandani vilishapunguzwa sauti zamani ili watoto walale, kwa hiyo mlio wote ulitoka pale mezani, na mezani pakiwa peusi Bosi hakuwa na wa kumkumbusha ila mkono wa mtu.

"Alisahau mashine ikiwa imezimika?" Kurasa aliuliza.

"Alisahau. Nilikuwa nimesimama pale pale, bahati." Akatoa mguu kwenye maji, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mdogo wangu, mimi nimefika hapa." Akaonyesha shingo. "Siwezi kukimbia tena hivi. Nifanyie kitu."

Kurasa akafanya. Alifanya kwa wiki nzima na mgongo ukamuuma kwa wiki nzima, macho yakawa mekundu, chai ikapoa vikombe kwa vikombe. Alikiandika upya kile kipande cha kiini, na nisimnyime sifa zake, kazi ilikuwa safi. Kiini chake kipya hakikupapatika. Kikiona ukurasa umeharibika, kwanza kiliuliza: je, kuna nakala yake kwenye diski? Kama ipo, kitupe kilichooza, kichukue nakala, maisha yaendelee, hakuna aliyejua. Kama ukurasa ule ulikuwa ndani ya bonge kubwa la kurasa zilizoshikana, kilimega kile kipande kibovu tu na kuacha vingine. Na kama ulikuwa umeandikwa mambo mapya ambayo hayana nakala popote, hapo hakukuwa na ujanja: programu itakayougusa inauawa, peke yake, kabla haijasoma uongo. Programu nyingine zote zinaendelea kana kwamba hakuna msiba.

Akakijaribu kwenye kompyuta ya ofisini. Aliharibu ukurasa kwa makusudi, akaweka programu ya kuchezea iuguse, ikafa, mashine ikabaki imesimama imara. Aliharibu mwingine, ikafa nyingine. Alifurahi kweli kweli. Unaona, alikuwa akitazama kilichobaki kimesimama. Aliyekufa hakumtazama mara ya pili.

Kiini kikawekwa hospitalini, na simu ya saa ya kula ikakoma.

Wiki ya kwanza Kurasa alikula wali wake moto. Wiki ya pili Bwana Sitaki alileta keki ofisini, akasema maneno kuhusu ufanisi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kitengo akaanza sentensi kwa neno "napenda". Nyumbani, hata hivyo, beseni lilikuwa pale pale. Dada mtu alirudi na miguu ile ile iliyovimba.

"Bado unazunguka vitanda?" Kurasa aliuliza.

"Miguu imezoea."

"Dada, mashine haijazimika hata mara moja."

"Najua. Naona namba zinang'aa siku nzima."

"Na kengele?"

"Imetulia mno siku hizi. Hata Bosi ametulia. Nikipita namgusa gusa, yuko sawa. Nadhani anakua."

"Sasa si umeona?" Kurasa alisema, na sauti ikampanda, maana na yeye alikuwa amechoka, na aliumia kuona kazi yake yote ile haikumpunguzia dada yake hata hatua. "Mgongo umenikatika kwa ajili yako, dada. Kwa ajili yako, si ya Bwana Sitaki. Halafu unazunguka kama vile sijafanya kitu. Hebu kaa. Kengele ikilia utainuka. Isipolia, kaa!"

Dada mtu hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu aliyeombwa kitu alichokuwa akikitamani mwenyewe.

"Haya," akasema. "Kesho nitakaa."

Kesho yake Kurasa alirudi nyumbani mchana kuchukua waya aliousahau. Akamkuta dada yake amekaa ukingoni mwa kitanda, sare mwilini, viatu mguuni, saa ambayo alipaswa kuwa wodini.

"Dada?"

"Nilikaa," alisema dada mtu. "Uliniambia nikae, nikakaa."

"Bosi yuko hai?"

"Yuko hai."

"Kumetokea nini?"

"Nilivua viatu chini ya meza. Sikulala, nisikilize vizuri, sikulala. Niliegemea tu, nikawa natazama dirisha, nikasema ngoja leo niwe kama watu. Kengele haikulia. Aliyelia ni mama yake Bosi. Alikuja kumwangalia, akamkuta amegeuka rangi." Alisema yote hayo kwa sauti moja, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Nikamgonga unyayo, kimya. Nikamgonga tena, kimya. Nikamvika kifaa cha hewa, nikampulizia, nikampulizia. Ndipo akakohoa. Unajua nilipogeuka nikaona nini kwenye skrini? Sifuri. Pumzi za Bosi, sifuri, imeandikwa vizuri kabisa, kwa rangi ya kijani."

"Kijani? Inatakiwa iwe nyekundu."

"Ilikuwa kijani. Wamenirudisha nyumbani. Kesho kuna kikao. Wanasema mashine haijazimika tangu mtengeneze, kwa hiyo kengele lazima ililia, na kama ililia na mimi sikusikia, basi nililala kazini." Sasa ndiyo akainua uso. "Mkuu wenu ndiye aliyewaambia. Alisema kwa fahari."

Kurasa alirudi ofisini bila ule waya, akaingia kwenye seva ya hospitali, akazitazama programu zinazoendesha kazi. Ya skrini ipo. Ya kupokea vipimo vya vitandani ipo. Akatafuta ya kengele, ile ile ambayo pia hugeuza namba kuwa nyekundu. Haikuwepo. Akatafuta tena, maana mtu hukataa anachokiona. Haikuwepo, na haikuwepo tangu wiki iliyotangulia. Akaiwasha hapo hapo kwa mkono wake.

Akakaa, akaelewa, na alipoelewa alitamani asingekuwa mtu wa kuelewa haraka. Programu ya skrini husoma namba ya mwisho tu. Ya kengele hupitia vipimo vyote vya kila mtoto, vya sasa na vya nyuma, ili ijue nani anabadilika. Katika mashine nzima hakuna inayogusa kurasa nyingi kama yeye. Ukurasa mbovu ukitokea, wa kwanza kuukanyaga ni kengele. Na kiini chake Kurasa, kile kisafi, kilichosifiwa kwa keki, kilimwua aliyekanyaga, kikaendelea na kazi.

Je, hakuna wa kuiwasha tena? Hakukuwa na haja hapo mwanzo! Zamani mashine nzima ilianguka, na ilipoamka iliamka na wote, kengele pia. Katika miaka yote ile hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa kuifufua kengele ikiwa imekufa na wengine wapo, kwa sababu kengele haikuwahi kufa peke yake. Siku zote hizo wodi haikuwa na kengele, na hakuna aliyejua, kwa kuwa dada mtu alikuwa anazunguka na kumgusa gusa Bosi kabla hajasahau. Mpaka mdogo wake alipomgombeza akae.

Asubuhi Bwana Sitaki, ambaye Kurasa alimweleza yote usiku, alimsubiri kwenye ngazi za hospitali, tai imemkaba.

"Sitaki uende ukaseme mambo ya kiini mle ndani. Huyo nesi ni dada yako, watasema unamlinda. Na sitaki kitengo kichafuke. Tutarekebisha polepole, kimya kimya."

"Sawa, mkuu," alisema Kurasa, akampita. Si ushujaa, msije mkamsifu bure. Alikuwa amechoka kiasi cha kukosa hata nguvu ya kuogopa.

Kwenye chumba cha kikao alikuwepo mkuu wa wauguzi, mama mnene wa miwani aliyekuwa amezalisha nusu ya mji. Dada mtu alikaa pembeni, mikono mapajani. Kurasa aliweka mezani ile kompyuta ya majaribio aliyoibeba kwapani, akaifungua, na skrini ikaonyesha namba za watoto wa kubuni, kijani zote.

"Hii ni sawa na ile ya wodini," alisema. "Kiini kile kile, niliyeandika ni mimi. Sasa naharibu ukurasa mmoja."

Akabonyeza. Namba ziliendelea kung'aa.

"Haijazimika," alisema Bwana Sitaki.

"Haijazimika. Sasa mtoto wa kitanda cha dirishani ameacha kupumua." Akabonyeza tena, na namba moja ikashuka mpaka sifuri. "Tusubiri kengele."

Wakasubiri. Mkuu wa wauguzi aliinamisha kichwa kutega sikio. Feni ya juu ilizunguka. Nje mtu aliburuta kitanda cha magurudumu, kikapita, kikaishia mbali. Sifuri ilikuwa pale, kijani, imetulia, na kadiri walivyoitazama ndivyo mkuu wa wauguzi alivyozidi kuushika ukingo wa meza, mpaka akashindwa.

"Basi!" alisema. "Basi, zima, jamani. Huyo ameshakufa."

"Niliiua kengele," Kurasa alisema. "Sikukusudia, lakini niliiua, halafu nikamwambia dada yangu akae. Alikaa kwa sababu yangu. Hakulala."

Hakumtazama dada yake wakati akisema. Alisikia tu kiti kikisogezwa, na alipogeuka mlango ulikuwa wazi na dada mtu hayumo. Mkuu wa wauguzi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema nesi arudi wodini, leo hii, si kesho.

Mchana huo huo Kurasa aliondoa kiini chake na kukirudisha kile cha zamani, cha papara, kinachoangusha nyumba nzima kwa kikombe kimoja. Akaandika kwamba kipya hakitarudi mpaka kila programu ya wodi iwe na wa kuifufua, na ikishindwa kufufuka, mashine yote ianguke kwa kishindo. Bwana Sitaki hakumgombeza. Aliacha hata kumwambia hataki, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa nyumbani. Dada mtu hakununa, hakufoka. Alirudi, akaweka miguu kwenye beseni, akauliza chumvi iko wapi, akalala. Kurasa alijaribu kuomba radhi jikoni, akajaribu tena kupitia mlango wa bafuni, akajibiwa kwa upole, "Nimesikia, mdogo wangu, nimechoka tu." Upole ule ulimtafuna. Bora angemwita kwa kidole. Siku zikaenda hivyo, chumvi, maji, usiku mwema, na wawili hawa waliogombania ndala maisha yao yote sasa waliachiana, kila mmoja akimsubiri mwenzake avae.

Saa ya kula ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja mashine ilianguka, akaiona mwenyewe kwenye skrini yake na kuiwasha kabla hajaambiwa. Dada yake hakupiga. Nesi mwingine ndiye aliyepiga kutoa taarifa, kwa lugha ya kiofisi, na kumwita mhandisi.

Halafu mchana mmoja, bakuli liko wazi, kijiko njiani, simu ikalia.

"Imezimika tena," alisema dada yake.

Machozi yakamtoka Kurasa pale pale mbele ya wali na wafanyakazi wenzake, hakujali.

"We! Uko hapo? Nasema imezimika."

"Nipo, dada. Pole."

"Usinipe pole. Mimi nataka nijue tu ikizimika, na nimejua. Niko na Bosi mkononi hapa, alitaka kusahau, nimemwahi." Zikasikika pumzi za mtu aliyekimbia. "Washa mashine yangu. Na jioni ukitangulia, niwekee maji kwenye beseni."

Nyuma ya sauti yake, karibu kabisa na simu, kitoto kilikuwa kinalia kwa hasira, kwa nguvu zake zote. Kurasa aliivuta kibodi kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulibaki umeshika simu sikioni, na dada yake naye hakukata.